Mpeleka kero na mpokea kero

Mkutano ulikuwa chini ya miembe, nje ya ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, kwenye kijiji kimoja cha Tandahimba. Nilikuwa nimefika pale kwa shughuli zangu nyingine kabisa. Nikakuta viti vya plastiki vimepangwa, meza imetandikwa kitambaa, maji ya chupa yanawasubiri wageni, na wakulima wa korosho wamekaa chini kivulini. Nikakaa nao.

Habari ilikuwa ile ile mnayoijua: salfa ya kupulizia mikorosho iliyochelewa, makato yasiyoeleweka, malipo ya mnada yaliyokawia. Watu wakasema, mgeni rasmi akaandika kwenye daftari lake. Kisha akasimama mzee mmoja, kofia mkononi. Hakuwa na hasira. Alisema ameshapeleka malalamiko yake serikali ya kijiji, akaelekezwa kwenye chama tawala. Akaenda chamani, akaambiwa yatafikishwa kwa kiongozi wa wilaya. Na kiongozi mwenyewe ndiye huyu aliyekuja leo kusikiliza.

"Sasa mheshimiwa, chama ni wewe na serikali ni wewe. Ukishaandika hapo, unampelekea nani?"

Watu wakacheka. Mgeni rasmi naye akacheka, akasema wazee wa Kimakonde hawaishiwi utani, akaomba swali linalofuata.

Swali lililofuata lilihusu maji.

Nimekaa na lile swali la kwanza kwa wiki kadhaa. Nilianza kulitafutia jibu kwenye mambo ya leo, kwenye korosho na gesi. (Ya mwaka 2013, ya ghasia za bomba la gesi, sitayaeleza, aliyekuwa Mtwara anayakumbuka, na asiyekuwepo amesimuliwa.) Lakini kila nilipolivuta lilinirudisha nyuma, mpaka nikajikuta nasoma habari za mwaka 1962, mwaka ambao serikali ya nchi hii ilitengenezwa kwa haraka, na watu wachache, bila fedha. Nimekuja na maoni ambayo si wote mtayapenda.

Asubuhi ya tarehe kumi

Ya sherehe za uhuru za tarehe 9 Desemba 1961 tunayajua tangu darasa la tatu. Mimi nilitaka asubuhi yake.

Niliwauliza wazee wa Mikindani, kwenye baraza ambalo kahawa yake huanza kunyweka kabla jua halijatoka sawasawa. Kila mmoja alikuwa na simulizi ya ngoma, ya bendera, ya ng'ombe aliyechinjwa. Nikauliza: na kesho yake, ofisini alikuwepo nani? Wakatazamana. Mmoja akanijibu kwa mkato.

"Bwana Shauri alikuwa yule yule."

Ndivyo ilivyokuwa sehemu kubwa ya Tanganyika. Mzungu aliyekuwa mkuu wa wilaya kabla ya sherehe aliamka baada ya sherehe, akaingia ofisini, akakalia kiti kile kile na kutia saini karatasi za aina ile ile. Tofauti ni kwamba sasa bosi wake alikuwa Waziri Mkuu Julius Nyerere, na Gavana Sir Richard Turnbull alikuwa amegeuka Gavana Mkuu. Malkia wa Uingereza bado alikuwa mkuu wa nchi, hadi tulipokuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Katika nafasi za juu na za kati za utumishi wa serikali Waafrika walikuwa kama robo tu. Mwalimu mwenyewe, hata uzeeni, alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa Oktoba ile ile katika jengo la TANU, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, na wanafunzi wake wote, wa sheria, wangeenea kwenye Hiace moja.

Tukizungumzia ugumu wa kuunda serikali mpya huwa tunataja ukabila, dini, ujinga na maradhi. Sawa. Lakini ugumu wa kwanza kabisa, nionavyo mimi, ulikuwa wa kikarani. Nani aandike barua? Nani akague barabara ya Masasi kabla ya masika? Nani anajua faili la kodi la Newala liko kabati gani, na ufunguo wa kabati yuko nao nani?

Waliojua walikuwa wanafunga mizigo.

Kijana wa Lupaso

Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Alipita Ndanda, Kigonsera na Pugu, akaenda Makerere kusoma Kiingereza. Mwaka 1962, akiwa hajafikisha miaka 24, akapangiwa Dodoma kuwa afisa tawala. Mwaka haukuisha, akahamishiwa Mambo ya Nje.

Huwa nasoma habari hiyo kwa wasifu wa mkubwa, kwamba tazama alivyoanza kupanda mapema. Safari hii niliisoma kwa upande wa pili. Kijana aliyetoka kusoma fasihi anapelekwa Ugogo kushughulikia mambo ya watu na mifugo, na kabla hajazijua njia za huko anang'olewa kwa sababu wizara mpya haina mtu wa kujibu barua za mabalozi. Hakuna aliyekosea. Walikuwa wachache mno, na kila mmoja alihitajika sehemu tatu kwa wakati mmoja.

Na Masasi je? Shule za misheni za Chidya na Ndanda zilitoa vijana kwa tabu, na kila aliyefaulu alichukuliwa na Dar es Salaam. Kusini ilichangia taifa kwa kutoa watu wake, ikabaki na uhaba wake. Rashidi Kawawa naye alikuwa mtu wa huku, wa Songea. Watani wangu wa Kaskazini wakiniambia Kusini hatukuwahi kuwa karibu na meza kuu, nawataja hao wawili, halafu nabadilisha mada kabla hawajaniuliza meza hiyo ilituletea nini.

Vyetu visivyokuwa vyetu

Ukienda Nachingwea kwa barabara, ukiwa na mtu mzima garini, atakuonyesha mahali ilipopita reli. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ule ulioanza 1947 na kufa baada ya miaka michache. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilifunguliwa 1954, wakati karanga zenyewe zimeshakuwa hadithi. Njia ile ya reli ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa.

Uhuru ulikuja, reli ikaondoka. Nimeisikia kauli hiyo tangu utotoni, mara kwa kejeli, mara kwa uchungu.

Lakini reli haikuwa ya Tanganyika peke yake. Ilikuwa ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa Nairobi na hesabu zake ziliunganisha nchi tatu. Njia inayosafirisha mabehewa matupu ilikuwa mzigo tangu enzi ya mkoloni. Posta nayo ilikuwa ya pamoja, na ushuru wa forodha vilevile. Shilingi iliyolipwa kwa mkulima wa Newala ilitolewa na bodi ya fedha ya Afrika Mashariki. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966. Waziri wa Fedha wa serikali ya uhuru, Sir Ernest Vasey, alikuwa Mwingereza aliyewahi kushika wizara kama hiyo Kenya. Jeshi lilikuwa lile lile la kikoloni, King's African Rifles (KAR), lililobadilishwa jina likawa Tanganyika Rifles, na maofisa wake karibu wote walikuwa Waingereza.

Kwa hiyo ukisema "serikali iling'oa reli yetu", unaipa serikali ile nguvu ambayo haikuwa nayo. Ilikuwa na bendera, Bunge, na wimbo. Vyombo vya kazi ilivikodi, au ilivitumia kwa ubia.

Na masika yakianza, Rufiji ikifurika, barabara ya Dar es Salaam inakatika. Daraja tulilipata 2003. Hebu jiweke kwenye nafasi ya waziri wa mwaka 1962 anayetaka agizo lake lifike Liwale mwezi wa Aprili.

Wiki sita

Tarehe 22 Januari 1962 Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu.

Wiki sita tu baada ya uhuru.

Hili jambo tunalipita haraka mno. Mtu amepigania uhuru tangu 1954, ameupata bila damu kumwagika, dunia nzima inamtazama, halafu anaacha ofisi na kurudi kukijenga chama. Wapo wanaosema alisukumwa. Ni kweli TANU ilikuwa inachemka: Oktoba 1961, wakati wa mjadala wa sheria ya uraia bungeni, wabunge wa chama chake mwenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika, naye akatishia kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali nchi ibague watu kwa rangi. Baraza lake lilikuwa na Amir Jamal na Derek Bryceson, na wengi waliona Wazungu na Wahindi bado wamekaa pale pale.

Mimi naamini aliona jambo ambalo wenzake walikuwa hawajaliona vizuri. TANU ilikuwa chama cha kudai. Imeshapata ilichodai, sasa ifanye nini? Na serikali aliyorithi ilikuwa ya kuamuru. Mtu wa kijijini alikuwa na chama anachokipenda na boma analoliogopa, na katikati hapakuwa na kitu.

Huku kwetu boma lilikuwa mahali pa kupelekwa. Hakuna aliyekwenda kwa hiari. Mjerumani alinyongea watu kwenye maboma baada ya Majimaji, Mwingereza akadaia kodi hapo hapo. Ungewaambiaje watu hawa kwamba kuanzia leo boma ni lenu?

Kawawa, aliyeshika uwaziri mkuu, akajibu kwa vitendo. Wakuu wa majimbo na wa wilaya wa kikoloni wakaondolewa, nafasi zao zikachukuliwa na wanasiasa wa TANU: kamishna wa mkoa na yule ambaye wazee bado wanamwita Eria Kamishna. Kamishna wa mkoa alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa. Eria Kamishna alikuwa katibu wa TANU wa wilaya. Mtu mmoja, kofia mbili.

Mzee wa Tandahimba alikuwa anauliza juu ya kofia hizo mbili.

Ilikuwa dawa nzuri, na naomba nieleweke. Mwaka 1962 kumwona mtu mweusi, mwana TANU, anatoka kwenye boma la Newala na kusimama mbele ya watu akiwasalimia kwa lugha wanayoielewa, kulimaliza hofu ambayo semina elfu zisingeimaliza. Chama kiliipa serikali uaminifu. Serikali ikakipa chama gari, karani na mhuri.

Shida ya dawa ile ni kwamba hakuna aliyeandika itumike mpaka lini. Na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi.

Mamwenye

Mwanzoni mwa 1963 utawala wa machifu ukafutwa. Kwa Wachagga na Wanyamwezi hili lilikuwa tukio. Huku Kusini sikusikia mtu akilisimulia kama msiba, na sababu ninaijua: hatukuwa na wafalme. Tulikuwa na mamwenye na wakulungwa, kila mmoja na eneo lake dogo, ukoo unafuata upande wa mama, na ukubwa wa mtu unategemea kama watu bado wanamsikiliza. Wakoloni walihangaika miaka na miaka kututafutia chifu wa kumpa barua. Wakajaribu maakida, wakajaribu mamlaka za wenyeji, wakaleta maliwali.

Mjomba wangu, ambaye mtakutana naye mbele, alinikatisha nilipoanza kuwasifia mamwenye. "Liwali alikuwa mkusanya kodi, mpwa wangu. Usimpambe."

Simpambi. Ninachosema ni kwamba mkulungwa wa kijiji, hata kama uwezo wake ulikuwa mdogo, hakuteuliwa na mtu yeyote wa Dar es Salaam. Ukigombana na serikali ungeweza kukaa barazani kwake ukasema yako. Katikati ya miaka ya sitini nafasi hiyo ikashikwa na mjumbe wa nyumba kumi, mtu wa chama, jirani yako, mara nyingi mtu mwema. Lakini ni mtu wa chama.

Ushaona mstari unakwenda wapi.

Januari nyingine

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliwafungia maofisa wao wa Kiingereza wakaingia mjini. Walitaka mishahara iongezwe na Waafrika wapewe uongozi wa jeshi. Mapema mwezi ule ule Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba sasa raia wote ni sawa katika ajira ya serikali, bila kuangalia rangi. Ilikuwa kauli ya haki, na wakati wake ulikuwa mbaya. Tabora wakafuata. Na hili huku halisimuliwi sana: askari waliokuwa Nachingwea nao wakaasi.

Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, akawakabili askari. Rais hakuonekana hadharani kwa muda. Mwishowe serikali ya nchi huru ikalazimika kuwaomba Waingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wake, na tarehe 25 wakaja. Sijui aibu kubwa kuliko hiyo kwa serikali yenye umri wa miaka miwili. Baadaye wakaja Wanaijeria kushika ulinzi wakati tunaunda jeshi jipya.

Jeshi hilo jipya, JWTZ, lililoanza Septemba 1964, likaandikisha vijana kupitia chama, na wanajeshi wakafunguliwa mlango wa kuwa wanachama wa TANU.

Utumishi haukuaminika, ukaletwa chama. Machifu wakaondoka, kikaja chama. Jeshi likaasi, jibu likawa chama tena. Vyama vya wafanyakazi vilipoonekana kusogeleana na waasi vikaunganishwa mwaka ule ule kuwa NUTA, chini ya mkono wa serikali. Kila jibu, likisimama peke yake, lina mantiki. Nimejaribu kujipa nafasi ya waziri wa wakati ule na kila mara ningepiga kura ya ndiyo. Ukiyapanga majibu yote pamoja ndipo unapoona kwamba mpeleka kero na mpokea kero wameshakuwa mtu mmoja, toka kijijini hadi Ikulu, na hakuna kikao hata kimoja kilichowahi kuamua iwe hivyo.

Jembe na nyumba

Waliliona tatizo. Tusiwafanye wajinga.

Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, uliweka wagombea wawili wa TANU katika jimbo, mmoja alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Watu wakapiga kura kwelikweli. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mzito wa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, akaangushwa. Wabunge wengi wakaanguka naye. Serikali ikayakubali matokeo, na kwa Afrika ya wakati ule hilo si dogo.

Kwa hiyo mwananchi angeweza kumwondoa mtu. Asingeweza kuondoa wazo. Kama hukubaliani na sera ya kijiji chako kuhamishwa, jembe linakubaliana nayo na nyumba inakubaliana nayo.

Shamba namba 17

Nachingwea kuna mahali panaitwa Farm 17. Lilikuwa shamba la mradi wa karanga. Karanga zilipokufa, baadaye ikawa kambi ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Mreno. Vijana wa Msumbiji walivuka Ruvuma wakaja kufundishwa vita pale, chini ya Samora Machel, huku wakijifunza pia namna ya kuendesha shule, hospitali na mashamba. Serikali ya nchi nyingine ilikuwa inaanza kuundwa mkoani Lindi, kwenye udongo ambao Mwingereza alishindwa kuutoa mafuta ya kula. Sasa pana shule.

Kusini tunajivunia historia hiyo, na tuna haki. Watu wa vijiji vya mpakani walikula muhogo na ming'oko pamoja na wakimbizi, na mabomu ya Mreno hayakuuliza nani raia wa wapi.

Lakini Farm 17 ina ukurasa mwingine. Mwaka 1975, kabla ya uhuru wa Msumbiji, pale Nachingwea Frelimo iliwapanga hadharani wale iliowaita wasaliti. Kati yao alikuwepo Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Frelimo, na Lázaro Nkavandame, Mmakonde wa Cabo Delgado. Simango alisimamishwa asome maungamo yake mbele ya umati. Wiki chache baadaye nchi ikawa huru. Watu wale hawakuachiwa. Waliuawa kwa siri.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Kisha nikamfikiria Zuberi Mtemvu, kiongozi wa chama cha upinzani cha ANC, kilichotaka Tanganyika iwe ya Waafrika tu. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere, akapata chini ya asilimia 2 ya kura. Aliitwa mbaguzi, alichekwa, chama chake kikafa, mwenyewe akarudi TANU. Alizeeka. Wapo waliofungwa bila kesi, sitawasahau. Ila ukiniambia mifumo yote ya chama kimoja ni sawa, nitakwambia twende Nachingwea kwanza. Mfumo uliojengwa Dar es Salaam na ule uliofanyiwa mazoezi Farm 17 ulikuwa wa mantiki moja, lakini uliendeshwa na watu wenye mipaka tofauti mioyoni mwao. Hilo linanitia shukrani, na linanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba kilichotukinga kilikuwa tabia za watu fulani. Watu hufa.

Mjomba

Mjomba wangu alikuwa bwana shamba tangu mwishoni mwa miaka ya sitini mpaka alipostaafu. Ametembea kwa baiskeli kutoka mkorosho hadi mkorosho uwanda wote wa Makonde. Nilimsomea rasimu ya makala hii, akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Mnatuhukumu," akasema. "Ungeanzia wapi wewe? Huna watu, huna hela, jeshi limekugeuka, Mreno yuko ng'ambo ya mto na mabomu. Ungesema tuweke na chama cha upinzani, tuone itakuwaje?"

Nikamwambia hapana, mwaka 1962 siugombi. Ninaougomba ni 1972 na 1976.

Akafumbua macho.

Miaka ya sitini, mjomba, kulikuwa bado na milango miwili ya pembeni. Kulikuwa na halmashauri za wilaya, na kulikuwa na vyama vya ushirika. Vilikuwa na wizi, vilikuwa na ubabaishaji, najua. Lakini diwani alikuwa na cha kumwambia Eria Kamishna, na mkulima wa korosho alikuwa na mkutano mkuu ambao meneja aliuogopa. Mwaka 1972 halmashauri zikafutwa kwa jina la Madaraka Mikoani, madaraka yakaenda kwa watumishi waliotumwa kutoka makao makuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mazao yakabaki mikononi mwa mamlaka za serikali. Vyote viwili vilirudishwa miaka ya themanini baada ya wakubwa kuona hasara. Vilirudi vimedhoofika, vinasubiri kibali kwa kila kitu. Na wakati vinafutwa, nchi haikuwa changa tena. Ilikuwa na maofisa wake, benki yake, jeshi lake na chuo kikuu chake. Sababu za haraka za 1962 zilikuwa zimeisha, ila mazoea yalikuwa yamekolea.

Mjomba alinyamaza kidogo. Ushirika ulipovunjwa, alisema, alikuwa kazini. Wakulima walimjia yeye, bwana shamba, kuuliza fedha zao, kwa sababu hawakujua mtu mwingine wa kumuuliza. Yeye naye hakumjua. Akawa anawaambia wavute subira.

"Lakini bado nakataa," akasema. "Mlango wa pembeni unajengwa na nchi iliyoshiba. Nitajie moja iliyoanza kama sisi, na madaktari kumi na wawili, ikaacha milango yote wazi."

Nikamtajia Botswana. Ilipata uhuru 1966 ikiwa maskini wa kutupwa, ikawaacha machifu na baraza lao, ikaacha vyama vishindane.

Akacheka. Botswana walikuwa watu wasiofika milioni moja, akasema, halafu wakaokota almasi. Hiyo haihesabiki, nitafute nyingine.

Bado natafuta. Mwenye nchi ya kunitajia aandike hapo chini, nimpelekee mjomba kabla ya msimu wa korosho.